Msimpeleke Nafula kwa Mchimba Meno

Kwanza, upande wa Kitale, shambani kwa Baba Wairimu

Mama Wekesa,

Kabla sijauliza habari ya goti lako, ujue hivi: hiyo hadithi ya meno yangu mnayopitishiana huko Chwele kama ugoro, mnaisimulia vibaya, nyinyi wote, kuanzia wewe. Barasa wa pikapu ameniambia. Ati Baba Wekesa aliuzia wazungu meno. Ati mzungu aliingiza mkono nikamuuma. Na ndugu yangu, mtu hata Kitale anaisikianga tu kwa redio, anasimama kwa kilabu cha busaa akionyesha watu ni kidole gani niliuma. Kidole gani! Yeye alikuwa wapi? Mdomo ulikuwa wangu, hadithi ni yangu, na leo nitaisimulia vile ilikuwa, wale waongo wafunge zao.

Sasa, hamjambo? Goti linakunja ama bado linalia kama mlango wa kanisa? Ng'ombe ya mabaka imezaa ama inaendelea kutucheza? Mimi niko mzima kwa neema ya Mungu na kwa ukaidi wangu. Mlima ni ule ule mmoja, ila nyinyi mnauona kwa tumbo na mimi nauona kwa mgongo, na mgongo uko na baridi. Ng'ombe za tajiri wangu Baba Wairimu, hizi namchungia, ni kumi na moja. Mimi najua majina yao, yeye anajua lita tu. Mvua imenyesha vizuri, mahindi imefika kwa bega yangu, na bega yangu unajua si ya mtu mfupi.

Lakini si ya hayo nimekalia hii ndoo kuandika. Barasa amekuja kuchukua viazi na ameniambia mjukuu wetu Nafula anaendesha tumbo siku ya nne, mwili moto, anatafuna ngumi yake na kulia. Ameniambia pia umeshaongea na Selina, ati siku ya soko amchimbe meno ya plastiki, vile vitu vyeupe ndani ya fizi mnasema vinaleta kuendesha. Mama Wekesa, usimpeleke. Nimeweka hapa juu kabisa ndio hata ukichoka na mwandiko wangu wa darasa la ubatizo, hiyo uwe umeshaiona. Wewe ulifika la nne, ndio maana unanidharau, lakini soma mpaka mwisho. Barasa ananipigia honi hapa kama mwenda wazimu. Wacha apige.

Hii mambo ilianza hivi. Walikuja hapa Kwanza watu wa kutafuta habari ya meno. Wazungu wawili, Mhindi mmoja, na madaktari wetu wa Nairobi wenye viatu ambazo hazijawahi kuona matope. Mkubwa wao ni mzee mmoja mzungu, wanamwita Profesa, mrefu, kichwa kama yai, amevaa kofia ya kuzuia jua hata kukiwa na mawingu. Wakasimamisha hema kando ya soko, wakaita baraza. Chifu akatuambia hii ni utafiti wa kushirikiana. Ati nchi nyingi zimeungana, ati wanataka kupunguza tofauti kati ya mdomo wa tajiri na mdomo wa maskini. Nikamuuliza chifu, "Kushirikiana namna gani?" Akasema, "Mzee, kila mtu analeta chake." Kumbe ni kweli. Wao walileta kalamu, sisi tukaleta meno.

Nilienda na Baba Wairimu, kwa sababu hakuna kitu ya bure itapita huyo mtu wa Nyeri na akose kupanga laini. Akaingia mbele yangu. Anapanua mdomo kama kiboko, daktari anahesabu, karani anaandika, na kila jino liko. Hata yale hafai kuwa nayo na umri wake. Akatoka anajipiga kifua. "Makokha," ananiambia, "mimi meno thelathini na mbili. Wewe uko na ngapi?"

"Mimi niko na ya kutosha," nikamwambia. "Nyama unayonipanga kwa chakula haihitaji hata moja."

Laini yote ikaanguka kwa kicheko. Hiyo Barasa hakukuambia, sivyo?

Nikaingia. Daktari wangu alikuwa msichana mmoja, Daktari Mwende, Mkamba, mtoto wa juzi, mikono midogo. Akasema, "Mzee, fungua mdomo."

"Nifungue kuongea ama kuonyesha?"

"Kuonyesha."

"Hapo unapoteza, mama. Kuongea ndio kuzuri zaidi."

Hakucheka. Hao watu wakivaa mipira kwa mkono kicheko kinakufa. Akaanza kuita, karani akiandika. Akafika chini mbele. Akaangalia tena na ile kioo yao kidogo. "Hakuna," akasema. "Hakuna. Hakuna. Hakuna." Karani akaweka alama nne. Nikataka kumwambia kitu, lakini kioo ilikuwa kwa ulimi.

Kisha maswali. Unakunywa soda mara ngapi kwa wiki? Nikamwambia siku ya arusi. Arusi za hapa ni ngapi kwa wiki? Unapitisha uzi kwa meno? Nikauliza uzi wa kushona ama wa kufungia gunia. Ukiumwa na jino unaenda wapi? Nikamwambia tunaenda kulala. Akaandika. Mama Wekesa, aliandika! Kwa hiyo karatasi kuna mahali imeandikwa Mzee Makokha anaenda kulala. Mwishowe wakanipa brashi ya meno na dawa yake. Ile brashi nasafishia kwato za ndama. Inafanya kazi nzuri sana, nawashukuru.

Wakazunguka hivyo wiki nyingi, Kwanza, Kitale, wakashuka mpaka Bungoma upande wa Kibabii, wakihesabu midomo. Mimi nikasahau. Halafu tukaitwa tena, ukumbi wa kanisa, wazee wote waliopimwa, kuja kusikia majibu. Wakatundika karatasi kubwa kwa ukuta, imechorwa taya, na hapo chini mbele wamepaka rangi nyekundu tu. Profesa akasimama na kofia yake. Anaongea, Daktari Mwende anatafsiri. Ati wamegundua kitu ya kushangaza. Ati wazee wa Bungoma na wazee wa mlimani wako na ugonjwa mkali sana unaokula meno ya chini mbele, mbili mpaka nne, na haugusi mengine. Ati majirani wao waliotoka upande wa Nyeri wanakaa shamba moja na wao na hawana hiyo ugonjwa. Ati wanafikiria ni maji ya mito. Wameshabeba maji kwa chupa, imeenda ng'ambo kupimwa.

Mama Wekesa, umeelewa? Hawa watu wamesoma mpaka nywele zimetoka kichwani. Wamepanda ndege. Wameungana nchi nzima nzima. Na hakuna hata mmoja, hata wale wa Nairobi wenye nyanya zao kijijini, aliuliza mzee mmoja: hizi meno zilienda wapi? Karatasi yao ilikuwa na shimo moja tu ya kuweka alama kama jino halipo, na hiyo shimo inaitwa ugonjwa. Nikaangalia kushoto, wazee wanaangalia viatu. Kulia kwangu alikaa Mama Chebet, yule mama Msabaoti wa juu mlimani anayenuka maziwa ya kibuyu, macho amefunga, nadhani anaota ng'ombe zake. Baba Wairimu ananiangalia na huruma. Huruma! Ati mimi mgonjwa wa maji!

Basi nikasimama. Nikasema, "Profesa, hayo maji uliyobeba, kunywa tu, hayana kitu. Hizi meno hazikuliwa na ugonjwa. Tuling'olewa tukiwa vijana, na chuma, mchana, mbele ya watu, na yule analia anachekwa mpaka leo. Ilikuwa mila. Taya ikifungana kwa ugonjwa wa kukakamaa, hapo ndio mtu anapitishiwa uji. Huu ni mlango, si kaburi. Nyinyi mmekuja kwa nyumba mkaona mlango, mkaandika ukuta umeanguka."

Kanisa ililipuka. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka benchi. Profesa akavua kofia, akashika kwa kifua hivi, akaniletea kiti chake mwenyewe. Akasema kwa miaka yake yote hajawahi kufundishwa hivyo. Mimi nikakaa kwa hicho kiti.

Sasa sikia hapa, kwa sababu hapa ndio Nafula anaingia.

Daktari Mwende hakucheka na wengine. Alisimama hapo na ile karatasi yake nyekundu. Kisha akauliza, pole pole, "Na siku hizi? Kuna meno gani mnatoa siku hizi ambayo hatujauliza?"

Kanisa ikanyamaza. Unajua vile watu wananyamaza kama polisi ameuliza nani anapika chang'aa? Hivyo. Mwishowe ikatajwa hiyo ya watoto wadogo. Ya plastiki. Ya kuchimba fizi na spoki ya baiskeli mtoto akiendesha tumbo.

Huyo msichana akaketi chini. Alikaa kwa sakafu ya kanisa na nguo yake nyeupe. Akaambia wenye picha watoe picha, zile za kupiga mfupa, taya ya mtoto wa miezi saba kama Nafula. Na ndani ya fizi, Mama Wekesa, meno yote yako hapo. Yamepangwa kwa laini yakingoja, kama mbegu kwa mtaro kabla ya mvua. Akasema, "Kile mchimbaji anawaonyesha, kile kitu cheupe, laini, kama mdudu, si mdudu na si plastiki. Ni jino lenyewe. Ni bichi bado."

Mimi sikumwamini. Unanijua, daktari akiniambia jua ni moto nataka kugusa kwanza. Nikarudi shambani, nikaingia kwa mahindi ya Baba Wairimu, nikachagua hindi moja changa sana, ndogo, ya kidole. Nikamenya. Punje zake ni nyeupe, laini, ukifinya inatoa maziwa. Nikakaa hapo chini nikaiangalia muda mrefu. Kama ningeona hiyo kitu kwa kiganja cha Selina, na damu, na mtoto analia, mimi pia ningeapa ni mdudu. Kumbe ni hindi tu. Ukiingojea inakuwa ngumu, inasagwa, inalisha watu. Ukiichimba mapema umechimba njaa.

Najua utasema nini. Naisikia sauti yako kutoka Chwele mpaka hapa. Utasema, "Wekesa si tulimpeleka, na si alipona?" Ndiyo alipona. Tumbo ya mtoto si inaponanga, akipewa maji? Selina alimkuta anapona akajiandikia ushindi, kama jogoo anayefikiria ndiye ameleta asubuhi. Na angalia mdomo ya Wekesa. Ule upande wa kushoto jino la pembe, hilo chonge, halikuja kabisa, na lile la kulia limetokea kando kama pembe ya mbuzi. Miaka yote tunasema ni ya ukoo wenu. Pole. Si ya ukoo wenu. Ni spoki.

Na Selina mwenyewe, nimuseme kidogo ndio roho yangu itulie. Huyo mama hajui kung'oa hata kitunguu. Spoki ni ya baiskeli ya marehemu bwana yake, anaipangusa na leso ile ile anapangusia pua. Anachimba huyu, anachimba yule, damu ya huyu inaingia kwa yule. Siku hizi na magonjwa tuliyo nayo, magonjwa yale tumezikia watu! Halafu anapewa kuku na anaitwa fundi. Ukikutana naye soko mwambie Makokha amesema hiyo spoki airudishe kwa gurudumu, ndio mahali itasaidia mtu.

Sasa fanya hivi. Chemsha maji, lita moja, ile chupa kubwa ya juisi. Ikipoa weka vijiko vidogo sita vya sukari, visijazwe kilima, na nusu kijiko cha chumvi. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Nafula apewe kidogo kidogo na kijiko kila akiendesha, na mama yake asiache kumnyonyesha, hata kama nyanya yake ana maoni. Na kesho asubuhi, kabla ya ng'ombe, kabla ya chai, mumpeleke kituo cha afya hapo Chwele. Mkikuta laini ndefu, ngojeni kwa laini. Akiwa macho imeingia ndani ama ngozi ya tumbo ukifinya hairudi, msingoje laini, pita mbele ya watu na upige kelele. Hiyo unajua kufanya, sihitaji kukufundisha.

Hao wa utafiti wamebadilisha karatasi yao. Sasa kuna shimo mbili, moja ya ugonjwa na moja ya mila, na wameongeza swali la watoto wachanga. Imewachukua safari tatu na nchi sijui ngapi kuongeza swali moja ambalo mtu yeyote wa Kwanza angewapa wakimnunulia chai. Lakini huyo Daktari Mwende alirudi wiki iliyopita bila wazungu, akakaa na akina mama kwa nyasi, akauliza na akangoja ajibiwe. Huyo nitamsalimia. Wengine waendelee na chupa zao za maji.

Nisalimie mama mkwe wako na heshima zangu zote, mwambie kijana wake wa mwisho bado ni mimi. Salimia ndugu yangu wa busaa, mwambie akionyesha tena kidole nitakuja nikiume kweli. Salimia mwalimu wa katekisimu aliyenifundisha hizi herufi, aone zimefanya kazi. Salimia mke wa Wekesa, mwambie yeye ni mama na mtoto ni wake, akisema hapana hata wewe nyamaza.

Barasa ameshuka kwa pikapu sasa, anakuja hapa kwa miguu. Wacha nimalize.

Miaka hii yote nikirudi nyumbani na hadithi unaniambianga, "Baba Wekesa, toa chumvi kwanza ndio tuonje mboga." Ni haki yako. Mimi hata ningekuambia nyumba inaungua ungeuliza moshi ni wa rangi gani. Na leo nataka uniamini kitu moja, na sina kitu ya kukulipia uniamini, isipokuwa hii: nachukua mahali nimeongeza chumvi, mahali pazuri kuliko yote, nakutolea.

Si mimi nilisimama kanisani.

Mimi nilikaa. Nilifunga mdomo wasione pengo, mimi Makokha, niliona haya. Aliyesimama ni Mama Chebet. Hakusema mambo ya mlango na ukuta, hiyo nilitunga mimi nikichunga ng'ombe. Alisema tu, "Haya yangu yaling'olewa na baba yangu, sio ugonjwa, andikeni hivyo." Na Daktari Mwende akiuliza ya siku hizi, watu wakinyamaza, yeye alikuwa bado amesimama. Akasema mjukuu wake wa kwanza alikuwa anaendesha, miezi nane, na yeye mwenyewe ndiye alimshika mtoto kichwa wakati mchimbaji anachimba. Alisema aliambiwa mshike sana, na alimshika sana. Damu haikusimama. Walimzika siku ya pili, kabla baba yake hajafika kutoka Eldoret.

Profesa hakuvua kofia. Hakukuwa na kiti. Hakuna mtu alicheka, Mama Wekesa.

Hiyo ndiyo bila chumvi. Msimshike Nafula kichwa.

Mimi mzee wako,
Makokha, Baba Wekesa